Nesi Kokuberwa na Siku za Shaba

Tone la kwanza lilionekana Jumatano asubuhi kwenye vigae vyeupe vya sebuleni, na mzee Adelard alidhani ni mchuzi wa nyanya. Alilifuta kwa soksi aliyokuwa ameivaa, akarudi kwenye chai yake. La pili lilikuwa karibu na kabati la vyombo. La tatu aliliona juu ya soksi ya mguu wa pili, na hapo ndipo alipomtazama Shaba, mbwa wake, aliyekuwa amejikunja mlangoni anajilamba nyuma bila wasiwasi wowote.

"Mama Hope," aliita. "Njoo. Mtoto wako kavunja ungo."

Mkewe, Kokuberwa, alitoka jikoni anajifuta mikono kwa kanga. Mtaa mzima wa Kunduchi Mtongani ulimwita Nesi, ingawa alikuwa amestaafu miaka minane iliyopita. Kwa miaka thelathini na mbili alifanya kazi kliniki ya mama na mtoto, na huko alisifika kwa jambo moja: kuhesabu siku. Aliwafundisha wanawake kalenda. Siku za damu, siku za hatari, siku salama. Alizizungushia kalamu nyekundu kwenye kadi zao, akawaambia warudi nyumbani wakaishi na waume zao kwa amani. Na mwanamke akimrudia na mimba, Nesi alimwonea huruma sana kwa kutojua kuhesabu.

Aliinua mkia wa Shaba, akatazama, akaushusha. "Ameingia kwenye joto," alisema, kwa sauti ileile aliyozoea kuwatolea watu majibu yao ya maabara.

Adelard aliacha kucheka. Miezi saba nyuma alikuwa amemwokota Shaba pembeni mwa barabara, kitoto cha mbwa chenye rangi ya sufuria ya shaba, kimegongwa na bodaboda na kuachwa kife. Alikibeba ndani ya shati lake. Alikuwa ameacha ukarani, watoto wake wanne wametawanyika kila mmoja na mji wake, na kusema kweli alikuwa mpweke kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Daktari Munira, binti anayetibu mifugo, mwenye kliniki ndogo kule Tegeta, alisema kitatembea, na kweli kilitembea, kikiyumba kidogo upande wa kushoto. Ila mfupa wa nyonga uliunga vibaya.

"Huyu asije akabeba mimba," Munira aliwaambia. "Njia imekuwa nyembamba. Watoto hawatapita, na yeye atakufa nao."

Walikubaliana afungwe kizazi akishakua kidogo. Kisha ikaja Pasaka, kisha harusi ya mpwa wao Bukoba, kisha mafua ya Nesi yaliyokaa mwezi mzima, na sasa hiyo hapo damu kwenye soksi.

Adelard alipiga simu Tegeta. Munira alishusha pumzi aliposikia. Kupasua wakati wa joto aliogopa, kwa sababu mishipa ya kizazi inakuwa imejaa damu. Bora wamlinde wiki tatu, siku ishirini na moja kamili, asitoke nje bila kamba, kisha wapange upasuaji joto likiisha.

"Na hizo siku zake, mzee, msije mkazichukulia kama za..."

Nesi alikwisha kuitwaa simu. "Daktari mwanangu, hujambo? Usihangaike kabisa. Mie siku nimezihesabu kabla wewe hujazaliwa."

"Shikamoo mama. Ni kweli, lakini kwa mbwa..."

"Marahaba. Mungu akubariki." Akakata.

Tusimwonee Nesi: sijui kama kuna mbwa mwingine Kunduchi aliyewahi kutunzwa namna ile. Alichukua kaptula ya zamani ya Brightson, kitindamimba wao, akaikata tundu la mkia, akaishonea pamba kwa ndani, na Shaba akawa na nepi. Alimbadilisha mara tatu kwa siku. Alimsafisha kwa maji ya vuguvugu, akamkausha kwa kitambaa safi, akamtandikia kanga mbili kuukuu kwenye kona ya sebule penye feni. Shaba alipokataa ugali siku ya pili, Adelard alikwenda mwenyewe soko la samaki akaleta vichwa vya changu, akavichemsha na kutoa miiba kimoja kimoja, yeye ambaye tangu aoe hakuwahi kujichambulia samaki wake. Asubuhi na jioni alimtoa uani akiwa amemfunga kamba, na kila alipokojoa, Nesi alifuata nyuma na ndoo ya maji yenye dawa ya kuondoa harufu. Na kwenye mlango wa friji aliibandika kalenda ya parokia, akazungushia Jumatano kalamu nyekundu.

Harufu, hata hivyo, haikuwa imeambiwa habari za ndoo. Kufika Ijumaa, getini palikuwa na mbwa wanne. Jumapili walikuwa sita. Watatu walitoka soko la samaki na walinuka hivyo. Mmoja alikuwa na mkanda mwekundu shingoni, wa hoteli moja ya ufukweni, na alikuwa na adabu za mtu aliyesoma. Kiongozi wao alikuwa Komando, dume jeusi lenye sikio moja, mali ya Albano, fundi wa vinyago aliyepakana nao ukuta. Adelard alipotoka kununua mkate ilibidi apite katikati yao.

"Habari za asubuhi," aliwaambia. "Mshenga wenu nani?"

Komando alipiga miayo.

Albano naye hakukosa la kusema. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mtu wa maneno machache akiwa na wateja na maneno mengi akiwa ukutani. "Mzee Adelard, mkwe wangu kaamkaje?"

"Hana mkwe huyu. Mfunge mbwa wako."

"Nimemfunga kwa kamba, kaitafuna. Nimemfunga kwa mnyororo kwenye gogo la mpingo, kaliburuta gogo zima mpaka getini kwenu. Sasa mie nifanyeje, nimkalishe nimpe mawaidha?"

Adelard alicheka, lakini alipoingia ndani aliangalia ule ukuta wa nyuma, mahali ulipokuwa mfupi karibu na migomba, akatafuta bati kuukuu akalisimamisha hapo kwa mawe. Kila siku iliyopita aliihesabu moyoni. Alikuwa anaogopa, na alijiona mjinga kwa kuogopa hivyo kwa ajili ya mbwa, ila hofu haikumwacha kwa sababu hiyo.

Siku ya kumi, Ijumaa, damu ilikuwa imepauka ikawa kama maji yaliyooshewa nyama. Nesi aliinua pamba dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akatoa tangazo.

"Kasafika."

"Daktari alisema ishirini na moja," Adelard alisema.

"Daktari alitoa tahadhari ya jumla. Damu imekatika, hatari imepita, hizi sasa ni siku salama. Na kesho jumuiya inasali hapa kwetu, Baba Hope. Wanawake ishirini. Siwezi kumlaza mbwa mwenye nepi miguuni pa Bikira Maria."

Basi kumbe hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe. Adelard alijaribu. "Lakini mbwa si mtu."

"Mamalia ni mamalia." Alipoona mumewe bado hajashawishika, akatoa ile silaha yake ya akiba. "Na wewe leo ndiwe wa kunifundisha siku? Brightson alitokea wapi?"

Brightson alizaliwa Nesi akiwa na miaka arobaini na miwili, wakati wale watatu wakubwa wako sekondari na nguo za watoto zimekwisha gawiwa. Kwa mujibu wa historia rasmi ya nyumba ile, alizaliwa kwa sababu Adelard aliambiwa siku ni mbaya na hakusikiliza. Historia hiyo ilikuwa imesimuliwa mezani kwa miaka ishirini na mitatu, mbele ya wageni, mbele ya mapadri, hata mbele ya Brightson mwenyewe, ambaye aliipenda na kuomba irudiwe. Na kila iliposimuliwa, Adelard alitabasamu akatazama sahani yake. Safari hii hapakuwa na sahani, kwa hiyo alitazama sakafu.

Jumamosi saa tisa alasiri Nesi alimvua Shaba nepi, akafungua mlango wa jikoni, akamwachia aende uani akaote jua kama zamani. Adelard alikaa naye kwenye kigoda. Alimkuna mgongoni, karibu na mkia, mahali alipopapenda, na Shaba akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama wima akakaza miguu, na mkia akaulaza pembeni.

Adelard akatazama getini kupitia upenyo. Aliwahesabu. Walikuwa tisa.

Hapo akili yake ya kikarani ikagoma. Kama shughuli imekwisha, mbona wageni wanazidi kuja? Nesi alikuwa sebuleni anapanga viti. Adelard aliinuka, akazunguka nyuma ya simtanki, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka arobaini akampigia mwanamke mwingine kwa siri.

"Damu imepauka?" Munira aliuliza. "Na mkia anauweka pembeni ukimgusa?"

"Ndiyo. Mama Hope anasema kasafika."

"Mzee, kwa mbwa damu inatangulia. Akiwa na damu nyingi, jike humfukuza dume. Ikianza kupauka ndipo anapomkubali. Hizo mnazoziita siku salama ndizo zenyewe. Sasa hivi yuko wapi?"

Adelard alianza kukimbia. Alikuwa amesikia bati likianguka.

Alipofika kwenye migomba, ndala moja mguuni na nyingine ameiacha njiani, mambo yalikuwa yamekwisha. Shaba na Komando walikuwa wamenasana, wamepeana migongo, huyu anatazama jikoni na yule anatazama kwao, kama watu wawili waliogombana kwenye foleni ya maji. Alichokiona Adelard pale hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo. Alimwona Shaba mdogo ndani ya shati, na alisikia ile sauti ya Munira ikisema watoto hawatapita. Alinyoosha mkono amkamate Komando, na simu ikapaza sauti kutoka kwenye kiganja chake.

"Mzee, usiwavute. Utamchana. Wala msiwamwagie maji. Wataachana wenyewe, dakika kumi, hata ishirini. Mshikeni tu jike atulie."

Albano alikuwa amekwisha kuruka ukuta na ndoo imejaa. Adelard akatikisa kichwa. Albano akaimwaga ndoo kwenye migomba, akaipindua, akaikalia.

"Basi tusubiri," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mzee. Mie nilifanya utani."

Wakati huohuo wimbo wa Bikira Maria ukasikika getini. Jumuiya ilikuwa imewahi. Wanawake waliwapenya wale madume kwa kuwasukuma na mikoba, wakapita ubavuni mwa nyumba kwenda mlango wa jikoni uliokuwa wazi, wote kwenye vitenge vya parokia, rozari mikononi, na Nesi akawatokea kwa mbele na sinia la sambusa kuwakaribisha. Wimbo ukafika penye migomba ukafia hapo.

Mbele kabisa alisimama Jesca, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mpole aliyefuata kalenda ya Nesi kwa uaminifu mkubwa na kujaliwa watoto saba. Alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akatazama vizuri. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka tu kuelewa.

"Nesi," aliuliza, "kwani leo ilikuwa siku salama?"

Mmoja akakohoa. Wa pili akajificha nyuma ya kitenge. Baada ya hapo hapakuwa na cha kuwazuia, walicheka wale wanawake mpaka rozari zikagongana, wakashikana mabega, wengine wakarudi getini kupumua, na hata Albano juu ya ndoo yake alilazimika kutazama angani.

Nesi hakucheka. Alikuwa amemwona mumewe usoni. Mzee Adelard alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, kichwa cha Shaba mikononi, na machozi yanamtoka waziwazi. Nesi aliweka sinia chini.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema kwa mbwa damu inatangulia."

Mtu aliyemjua Nesi angeona hesabu ikipita usoni mwake, kutoka mwisho kwenda mwanzo, mpaka ikafika kwenye ile simu aliyoikata. Alikunja kitenge chake kipya akapiga magoti upande wa pili, akamshika Shaba kifua. Wakakaa hivyo mpaka wale wawili walipoachana, na rozari ya siku ile ilisaliwa sebuleni bila mwenye nyumba.

Munira aliwaambia wasikate tamaa. Wasubiri joto liishe na damu ishuke kwenye mishipa, kisha baada ya wiki nne afungue, atoe kizazi kizima, hata kama kuna mimba, maana itakuwa bado ndogo. "Ila hatari ipo," alisema. "Sitawadanganya."

Siku zilizobaki Nesi alilinda mlango wa jikoni mwenyewe, amekaa kwenye kigoda na mwiko wa ugali mkononi. Albano alimpeleka Komando Kiwalani kwa kaka yake, akajenga ukuta wa nyuma ukapanda kozi tatu za matofali, na hakuuliza tena habari za mkwe. Sambusa zililiwa na wale mbwa wa getini. Adelard alingoja mkewe aseme lolote kuhusu yale mahesabu, akaona hasemi, akaacha kungoja.

Siku ya upasuaji walikaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki ya Munira. Ng'ombe mmoja alikuwa amefungwa upande wa pili anasubiri chanjo. Shaba alikuwa ameingizwa ndani saa tatu, na sasa ilikuwa inaelekea saa tano. Nesi alikuwa amepakata mkoba wake, na ndani yake mlikuwa na ile kaptula ya Brightson, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Baba Hope."

"Naam."

"Ile ya Brightson." Alikuwa anamtazama ng'ombe. "Ulikuja na kalenda mkononi ukaniuliza, leo vipi? Nikakwambia ni salama."

"Nakumbuka."

"Nilikosea mie. Niliruka wiki nzima. Kesho yake nikaliona kosa, nikanyamaza, na ulipokuja kujua nina mimba nikasema hukusikiliza."

"Najua."

Nesi aligeuka. "Unajua tangu lini?"

"Tangu siku hizo. Lile duara jekundu la siku yako ya damu lilikuwa palepale kwenye kalenda, Mama Hope, na mie nilikuwa karani. Kusoma karatasi ndiyo kazi niliyolipwa."

"Miaka ishirini na mitatu nakusema mbele za watu, na wewe unatazama sahani?"

Adelard alitafuta utani, maana utani ndio aliouzoea, lakini kwa siku ile haukuja. "Ningesema ni wewe, ungekuwa ukimtazama Brightson unaona hesabu uliyokosea," alisema. "Nikaona bora libaki kwangu. Nimesingiziwa mengi katika maisha yangu, kazini na hata kanisani. Hilo ndilo zuri kuliko yote."

Nesi alifungua mkoba, akatoa ile kaptula, akajifutia macho nayo, kisha akaikunja upya kwa mistari ya pasi. Wakakaa. Bega lake lilikuwa limegusa la mumewe na hakuliondoa.

Munira alitoka akishusha barakoa. Alikuwa amechoka. "Yuko hai," alisema kwanza, kwa sababu alikuwa binti mwenye huruma. "Amepoteza damu, nilipata kazi kidogo, lakini anapumua vizuri. Mimba ilikuwa imeshika. Walikuwa wanne."

"Wanne," Nesi alirudia, akainamisha kichwa.

Ndani, Shaba alikuwa amelala kwenye meza ya bati, ulimi nje, kitambaa cheupe tumboni. Adelard alimwita jina lake. Mkia uligonga meza mara moja, ukapumzika, ukagonga tena. Nesi alimfunika kwa kaptula, akamwekea sawa tundu la mkia kwa mazoea. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Munira, mkoba magotini.

"Daktari, siku ile nilikukata simu."

"Aa, mama, hayo yalishapita."

"Ulikuwa unasema, lakini kwa mbwa." Nesi alisogeza kiti. "Malizia."

Munira alimtazama aone kama anataniwa, akaona hataniwi, basi akavuta stuli naye akakaa. Alianza tangu siku ya kwanza, kwa vidole, polepole. Nesi hakumkatiza hata mara moja, na Adelard, aliyekuwa ameishi naye miaka arobaini bila kuliona jambo hilo, akatafuta mahali pa kukaa.